Mikia Mitatu ya Tiba Cherehani

Jumanne, 4 Machi

Hujuma! Kipara, jirani wa ng'ambo ya barabara, anayetengeneza cherehani kama mimi (kama mimi! Mungu anisamehe), kafungua tovuti. Jina lake: Tiba Cherehani. Jina langu! Nililitamka mwenyewe kinyozini juzi, nikiwaomba watu maoni. Kipara alikuwepo. Mtu asiye na unywele hata mmoja, kinyozini alifuata nini?

Sasa kashika Tiba Cherehani doti komu. Na ushirika wa washonaji unatafuta fundi wa kudumu wa mashine zao zote. Mwombaji lazima awe na tovuti.

Mke wangu naye kasema neno la mwisho. Nikiikosa kazi hii, karakana yangu ya chumba cha mbele inageuka saluni yake. Kioo kishaletwa, kimeegemezwa kwenye benchi langu. Kila nikiinama kukaza skrubu najiona nilivyonuna.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa dada wa duka la kompyuta. Kanipoza. Jina libaki lile lile, kasema, nibadilishe mkia tu, yaani kile kinachokuja baada ya nukta. Akauliza nataka mkia gani. Nikamwambia anipe mkubwa. Akasema hivi si viatu.

Doti neti ni ya mambo ya mitandao. Doti ogi ni ya taasisi, watu huiamini. Doti info ni ya wenye maelezo ya kutoa. Akanishauri nichague mmoja, niweke picha za kazi zangu, basi.

Mmoja! Ndiyo maana mpaka leo anauza wino wa printa.

Nimenunua yote mitatu. Hesabu ni rahisi: Kipara atakuwa mwombaji mmoja, mimi nitakuwa watatu. Atapumulia wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Kampuni zangu tatu ziko hewani. Neti ni ya kisasa, rangi ya buluu kila mahali. Ogi ina picha ya mke wangu akitabasamu (ya zamani). Info sikuwa na la kuweka, nikajaza maelezo ya kusafisha mashine na kuitia mafuta.

Kwenye maombi wanataka ueleze washindani wako na unavyowazidi. Kwa niaba ya Neti nikaandika kwamba Info ni matapeli wakubwa. Kalamu ilinoga! Ilipofika zamu ya Info mkono ulishachoka, nikaandika kwamba sisi hatuna ubaya na mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Zote tatu zimepita! Katibu wa ushirika kanipigia mara tatu. Ya kwanza nikaongea kwa sauti yangu, ya pili puani, ya tatu nikakohoa. Akauliza mbona kampuni zote zina namba moja ya simu. Nikasema tunachangia, kubana matumizi. Akasema huo ndio moyo wa ushirika hasa.

Shida moja tu. Wakurugenzi wote wanne, pamoja na Kipara, wanatakiwa ukumbini keshokutwa. Kwa wakati mmoja.

Jumanne, 11 Machi

Neti ni mimi. Ogi ni mke wangu, aliyekubali haraka mno, jambo linalonitia wasiwasi. Info nimempa mama mkwe, matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Akikohoa tu, mpaka leo watu wazima huzima taa.

Nimembembeleza sana, mama hivi, mama vile. Kauliza swali moja tu: hiyo Info ni yake kweli? Nikamjibu ni yako mama, kabisa kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi!

Kipara kaanguka mapema. Mwenyekiti, mama mshonaji mwenye miwani shingoni, kamuuliza jina la kampuni kalipata wapi. Kajibu kinyozini. Ukumbi mzima ukamtazama kichwa.

Nikasimama mimi, Neti. Nilimwaga maneno! Kisha Ogi akanyoosha mkono, akasema anamfahamu sana mkurugenzi wa Neti, na cherehani ya nyumbani kwake kaikalia tangu mwaka juzi. Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Ndipo mwenyekiti akasoma barua ya Neti, pale penye matapeli. Mama mkwe akainuka, taratibu. Akauliza nani kaandika. Nikatazama feni. Akauliza tena. Basi mimi, mkurugenzi wa Neti, nikaiomba radhi Info mbele ya washonaji wote, na Info ikanisamehe.

Wanawake wa nyuma wakasema wamefuata maelezo ya mafuta ya Info wiki hii na mashine zimeacha kupiga kelele. Zikapigwa kura. Mikono yote kwa Info. Hata wa Ogi. Hata wangu, ulipanda wenyewe mama mkwe aliponitazama.

Mkia wangu umeshinda! Karakana imepona!

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe kafika asubuhi na begi na kiti chake. Chumba cha mbele sasa ni ofisi ya Info. Kioo kimeondolewa (ushindi mwingine!). Mke wangu ni mhasibu, anafurahi kuliko siku ya harusi.

Mimi ni fundi. Wa majaribio. Nyumbani mama mkwe ananiita mwanangu, kazini ananiita wewe. Fundi mkuu ni Kipara. Mama anasema ana adabu. Benchi tunagawana, upande wa dirisha ni wake.

Inauma, sikatai. Nimejificha chooni kidogo. Lakini nani kaileta Info duniani?

Jumamosi, 15 Machi

Nimelijua kosa langu. Mikia ilikuwa michache!

Leo nimepita dukani, nimechukua doti bizi. Dada wa kompyuta kashika kichwa, bila shaka kwa mshangao. Ushirika ukiita tena maombi, Bizi itaingia na kuing'oa Info na mizizi yake. Mama mkwe atanikoma!

Nimeanza hata kuandika maombi, hapa hapa kwenye benchi, Kipara akihangaika na mashine peke yake. Pale pa washindani nimepiga panapouma. Nimeandika kwamba Info wanafuga fundi mmoja mzembe kupindukia, ambaye saa za kazi anaandika mambo yake pembeni, na kwamba afukuzwe mara moja. Ushahidi ninao.