Mpango Wangu wa Kuvuka Bahari

Jumatatu, 3 Septemba
Jenerali ameuliza mkutanoni nani anaweza kuvusha jeshi hadi kisiwa cha adui kabla mwezi haujaisha. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Meja wa Wanamaji, hasimu wangu tangu chuoni, akauliza tutavuka na meli zipi, maana zake zimebaki tatu na moja inavuja. Wivu tu! Nikasema zitapatikana. Sijui wapi.

Jumanne, 4 Septemba
Zimepatikana! Matishari ya kubebea mchanga mtoni. Hayana injini, yatavutwa. Meja alicheka hadi akapaliwa. Eti wimbi la magotini linatosha kuyajaza maji. Nikamjibu bahari itakuwa shwari. Akauliza nani kaniahidi. Mtu wa chokochoko.

Nyumbani balaa. Mke wangu kasikia kikosi cha mdogo wake ndicho kitatangulia. Kaniuliza kama nimewahi kupanda tishari. Nikajifanya nimeshalala. Kaniuliza tena, kwa sauti.

Alhamisi, 6 Septemba
Jaribio, mbele ya Jenerali. Mungu wangu! Kifaru cha kwanza kilishuka kwa heshima zote, ila ufuo ulikuwa bado mbali. Kikazama kizima. Dereva aliponyoka, akaogelea huku akinitukana mpaka nchi kavu. Tishari la pili likakatika kamba, likaenda zake na upepo. Shemeji yangu ndani! Wenzake wanatapika kwenye kofia za chuma. Nilishika darubini, lakini sikuona kitu. Aliyewafuata kwa boti ni Meja. Hata hakuagizwa.

Waliporudi, shemeji alinipita kama hanioni. Kisha akageuka.

“Shemeji, leo hakuna aliyetupiga risasi. Kule je?”

Nikaanza kufuta vioo vya darubini.

Ijumaa, 7 Septemba
Mpango umefutwa. Jenerali kasema hauwezekani hata adui akiwa amelala. Nimelia chooni, maji nimeyafungulia wasisikie. Mke wangu kaimba jikoni kutwa nzima. Katika nyumba hii nimefiwa peke yangu.

Jumapili, 9 Septemba
Nimehamishiwa mpaka wa kaskazini. Adhabu, wala hawakuficha. Huko ni milima mitupu, baridi ya kugonganisha meno, njia yenyewe ya mbuzi. Kamanda wa huko kaapa jeshi halipiti. Maisha yangu yamekwisha.

Ila nimeitazama ramani tangu asubuhi. Mlima wenyewe hauzidi upana wa kidole changu! Nimeomba kuonana na Jenerali.