Stesheni Yangu ya Njia Tisa

Jumatatu, 6 Mei

Jumapili hii baba mkwe anatimiza miaka themanini. Hataki keki, hataki hotuba. Anataka kuendesha treni.

Aliendesha treni miaka thelathini na minane, kwenye reli ambayo siku hizi haipo. Iling'olewa, watu wakajenga nyumba juu yake. Sasa amesikia kwamba mimi na mwanyumba wangu tunacheza mchezo wa reli kwenye kompyuta, basi ametuagiza tumjengee njia yake ile ile, stesheni saba, kama alivyoiacha. Tatu za juu nijenge mimi. Tatu za chini ajenge mwanyumba. Tukutane katikati, Stesheni ya Tangi. Jumamosi atatupima. Mwenye nusu itakayokwenda vizuri ndiye atakayekaa naye Jumapili kiti cha msaidizi, kushoto kwake, amsomee taa. Macho yake yamechoka. Akitazama skrini anaona rangi tu.

Kiti hicho ni changu. Nani aliyeoa binti mkubwa? Mimi! Nani aliyemwonyesha mwanyumba huu mchezo? Mimi! Yeye kaoa mdogo wa mke wangu, kaja juzi tu, miaka kumi na moja iliyopita. Ni daktari wa meno. Ukoo mzima unamwita Daktari. Mimi nina duka la kutoa nakala. Ukoo mzima unaniita Fotokopi.

Nimechungulia nusu yake kwenye ramani yetu ya pamoja. Stesheni yake kuu ina njia nne. Nne tu!

Nimejenga tisa.

Jumanne, 7 Mei

Tisa zinapendeza jamani. Majukwaa tisa, mapaa tisa, saa za ukutani tisa. Nimetuma picha kwenye kundi la familia. Shemeji, mke wa Daktari, akauliza mbona treni zimepanga foleni nje mpaka darajani. Nikamjibu kwamba huo ni wingi wa abiria.

Ukweli ni kwamba reli ya kuingilia ni moja. Nilisahau. Ndani njia tisa, nje njia moja, na treni inayotaka kutoka inatazamana na inayotaka kuingia. Mke wangu alikuwa pembeni anabana vitabu vya wateja. Akatazama skrini, akasema nimejenga vyumba tisa nikasahau mlango wa mbele. Nikacheka naye. Kisha akaongeza kwamba Daktari angeanza na mlango.

Angeanza na mlango! Mke wangu mwenyewe, dukani kwangu, ameshika mashine yangu ya kubania.

Katibu wa shule alikuja kuchukua mtihani wa hesabu, nakala sitini. Baada ya dakika kumi karudi amefura. Nilikuwa nimemtolea stesheni yangu mara sitini, mbele na nyuma. Nilimwomba radhi, lakini nikamwonyesha kwamba mistari imetoka safi.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata dawa ya Daktari.

Ramani ni ya pamoja, na hakuna kinachonizuia kupeleka treni upande wake. Asubuhi nimemtumia treni kumi na nne za mizigo, zimejaa mchanga, zinavutwa na injini kuukuu kuliko zote kwenye mchezo. Zinakwenda kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Kufikia saa saba mchana zilikuwa zimemzibia kila stesheni. Abiria wake wamesimama majukwaani hoi. Nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama naumwa.

Saa kumi akanipigia simu. Nikajitia hamnazo.

Kumbe ananishukuru! Alipoona mchanga akamuuliza baba mkwe, na mzee akakumbuka kwamba kweli, treni za mchanga zilipita njia ile kila siku, zikijibanza pembeni ili abiria wapite. Hakuna aliyekuwa amelikumbuka hilo. Basi Daktari kachimba njia ya pembeni katika kila stesheni yake. Treni zangu zinaingia, zinasubiri, zinatoka kwa adabu. Mzee amefurahi mno. Na Daktari akamwambia wazi kwamba wazo lilikuwa langu.

Hata sifa zangu ananigawia yeye. Roho imeniuma kutwa nzima.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimekwenda kupeleleza. Nimesikia Daktari ana daftari analoandika mpangilio wa taa zake zote, na hulibeba kazini. Nikaenda kliniki yake, nimeshika shavu la kushoto, nalalamika jino. Sina jino linaloniuma.

Daftari lilikuwa mezani, wazi kabisa. Nikanyoosha shingo. Akaniambia nilaze kichwa na nifungue kinywa. Akatazama kushoto, hakuna kitu. Akatazama kulia, akaguna. Gego la nyuma limeoza, eti nina bahati sana nimewahi.

Sindano ya ganzi. Mashine. Na wakati wote anatoboa akawa ananieleza, kwa hiari yake, siri zake zote za reli! Taa ikae wapi, treni ingoje wapi, kwa nini usiachie treni mbili kwenye kipande chenye reli moja. Mashine inalia ndani ya fuvu langu. Niliyoyasikia ni matatu: "taa", "ngoja" na "tema". Aliponiuliza kama nimeelewa nikasema aah.

Ukutani ana vyeti sita. Nimevihesabu nikiwa chali. Mimi nina kimoja, cha mafunzo ya kubadilisha wino.

Nimerudi nyumbani mdomo umekwenda upande. Mke wangu akasema Daktari ana mkono mwepesi kweli.

Ijumaa, 10 Mei

Baba mkwe amekuja dukani mwenyewe na fimbo yake. Akaketi kwenye benchi la wateja, akaomba nimwekee mlio wa injini. Nikamwekea. Akafumba macho. Akawa ananitajia kona moja baada ya nyingine, wapi angepiga honi, wapi angeanza kushika breki.

Halafu akanieleza kuhusu Tangi. Kutoka Tangi kwenda chini kulikuwa na reli moja tu, na dereva haingii humo mpaka mkuu wa stesheni amkabidhi pete ya chuma. Pete ilikuwa moja. Mwenye pete anapita, asiye nayo anangoja, hata kutwa nzima. Kuna siku aliingoja pete ile kwa muda wa saa sita, akasema, na akataka kuendelea.

Lakini mimi nilikuwa na jambo moja linanikereketa. Nikamkatiza, nikamuuliza kama amekwisha kupita kwa Daktari. Akasema ndiyo, asubuhi, walikunywa chai.

Alianza kwake! Mimi napitiwa mchana, kama posta. Mzee akashika fimbo yake, akaondoka.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya kupimwa. Kabla ya kwenda kwa mzee niliingia kwenye ramani nikafanya jambo dogo sana. Taa ya treni za Daktari za kuingia Tangi nikaifunga kwenye nyekundu. Taa ya treni zangu za kutoka Tangi nikaifunga kwenye kijani. Yake ikwame, yangu ipite shwari mbele ya baba mkwe. Nani angejua?

Saa tano ukoo wote uko sebuleni. Treni yangu ikatoka juu, ikapita stesheni zangu zote, ikaingia Tangi, ikatoka Tangi. Nikapiga kifua. Ikaingia kwenye kile kipande chenye reli moja. Na humo ndimo treni ya Daktari ilimokuwa imesimama, inatazama taa nyekundu.

Pua kwa pua. Hii haiwezi kwenda, ile haiwezi kurudi. Na kwa kuwa kijani changu kilikuwa cha kudumu, nyuma ya treni yangu ikaja nyingine, na nyingine. Njia zangu tisa zikamwaga kila kilichokuwemo. Nyuma ya Daktari ukaja mchanga. Dakika nne tu, na hakuna gurudumu linalozunguka kutoka stesheni ya kwanza hadi ya saba.

Baba mkwe hakuona vizuri, lakini alisikia kimya. Akauliza nani ameachia treni mbili chini ya Tangi. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Daktari akasema ni yeye. Eti alisahau taa, asamehewe.

Hakusahau! Mimi ndiye niliyeifunga! Nusura nikiri papo hapo ili nimnyang'anye huo upole, lakini nikakumbuka kwamba mke wangu amekaa karibu. Nikanywea. Daktari akavuta kompyuta, akarudisha nyuma treni moja moja, dakika ishirini, bila kukunja uso.

Mzee akasema kiti ni cha Daktari. Hakutoa sababu. Mke wangu aliniangalia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumapili, 12 Mei

Watu wamejaa. Mzee amevaa shati jeupe, amenyoa. Daktari ameketi kushoto kwake. Mimi nimesimama karibu na pazia, najikaza.

Kabla injini haijawaka Daktari akainuka. Akasema nusu ya juu aliijenga kaka, na kaka ndiye anayezijua taa zake, basi kaka akae. Kaka ndiye mimi. Sebule nzima ikasema aaa. Mama mkwe akamshika bega, shemeji akapangusa jicho.

Nikakaa. Kiti ni hiki hiki nilichokitaka juma zima, lakini hakuna aliyekuwa ananitazama.

Mzee akaendesha. Namwambia kijani, anakwenda. Namwambia nyekundu, anasimama, taratibu mno, hata kikombe kisingemwagika. Tulipofika Tangi taa ilikuwa ya kijani, lakini akasimamisha treni. Akanishika mkono. Akaanza kuniambia jambo, kwa sauti ya chini, masikioni mwangu tu. Lilikuwa refu.

Sikulisikia. Nyuma yetu shemeji alikuwa anasema kwamba mumewe ana moyo wa peke yake, na mke wangu akawa anaitikia, nami nilikuwa nimetega sikio nijue anaitikia kwa nguvu kiasi gani. Kwa nguvu sana. Niligeuka baba mkwe alipomaliza. Uso wake ulikuwa umelowa. Akaniuliza kama nitalitunza. Nikasema ndiyo, Baba.

Jumatatu, 13 Mei

Kundi la familia tangu alfajiri ni Daktari, Daktari, Daktari. Wametuma picha. Ndani ya picha niko mimi na mzee, na wanamsifu mtu ambaye hayumo!

Mke wangu amekuja dukani mapema, akafunga mlango, akaketi kwenye benchi. Akauliza baba yake aliniambia nini pale Tangi. Akasema mzee hajawahi kumweleza mtoto wake yeyote kilichotokea siku ile aliyongoja pete, wameuliza tangu wakiwa wadogo, na jana usiku alipomuuliza tena mzee alijibu kwamba amekwisha kulisema, mara moja, na hatalirudia, akamuulize mumewe.

Nikamwambia ni mambo ya reli tu. Akaningoja. Nikamwambia ni ya kiufundi, hataelewa. Akanyanyuka akaenda kubana vitabu, amenipa mgongo.

Hata hivyo leo nimemng'amua Daktari. Kumbe hakushinda kwa njia nne wala kwa taa. Alishinda kwa upole! Basi upole nitampa. Jumapili ijayo tunakula kwao, nami nitampisha kila kiti kitakachokuwepo, nitawapisha na watoto, nitakula nimesimama. Na wakinisifu, nimekwisha kuandika hotuba fupi ya kukataa sifa. Ina kurasa sita. Daktari hawezi kufikisha hata tatu.