Dakika Thelathini na Nne za Mlima Kipara

Habari ilitoka kwenye kiredio cha Anacleto. Ndiyo maana dukani kwa Bi Hermelinda, juu kabisa ya Mlima Kipara, hakuna anayemwita Anacleto, anaitwa Redio. Hukificha kifuani chini ya ruana, vazi lake zito la sufi kama blanketi, na kila kinachotangazwa yeye hukitangaza upya kwa sauti kubwa zaidi na chumvi kidogo.

"Wameondoka," alisema. "Mia moja arobaini na wawili. Kengele ya kanisa imegonga saa nne, wakaachiwa pale darajani. Madaktari, mawakili, mabosi wa benki. Wote wa ridhaa."

"Wa ridhaa ndiyo kusemaje?" aliuliza Kaburi, ingawa alijua.

"Hakuna anayewalipa na hakuna aliyewatuma."

"Kumbe wagonjwa."

"Mgonjwa hulala, bwana. Hawa wanalipa kiingilio wapande milima mitatu kwa baiskeli, kilomita tisini, kisha warudi pale pale walipoanzia."

"Na wamenyoa miguu," Custodio aliongeza bila kuinua macho kikombeni. "Mwaka jana mmoja aliingia hapa kuomba maji, nikadhani ni kuku aliyekwisha kunyonyolewa."

Kaburi alicheka mpaka akakohoa. Jina lake halisi ni Leovigildo, na kazi yake ni kuchonga mawe ya makaburini. Siku hiyo alikuwa amekuja na patasi na nyundo, kwa sababu nje, kando ya barabara, lilisimama jiwe refu alilolichonga kwa amri ya meya. Juu lilikuwa limeandikwa MLIMA KIPARA. Chini kulikuwa laini na kweupe. Meya alikuwa ametangaza kwamba wakishapita waendesha baiskeli wa mwaka huu, hapo litachongwa jina la binadamu wa ridhaa, si wa kulipwa, aliyewahi kuupanda mlima huu kwa kasi kuliko wote, kuanzia darajani hadi dukani, likae milele.

Na binadamu huyo alikuwa ameketi katikati yao akichovya jibini kwenye maji moto ya sukari guru. Ukutani, juu ya kichwa chake, kwa rangi nyekundu iliyopakwa mwaka 1988 na kurudiwa kila ilipofifia, kulikuwa na jina lake, Custodio Sanabria, na muda wake: dakika thelathini na nne, sekunde ishirini. Miaka thelathini na sita hakuna aliyeusogelea, na miaka yote hiyo watu walimwita Rekodi. Asubuhi hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe chini ya ruana. Binti zake wawili walikuwa njiani kutoka Bogotá kwa basi la mchana, waje kulisoma jina la baba yao kwenye jiwe. Alijifanya jambo hilo halimhusu sana. Lilimhusu kuliko kitu chochote tangu amzike mkewe.

"Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza anayekuja kusimamia kazi," Kaburi alimwambia.

"Angalia usikosee. Nitaanza kukusumbua ningali hai."

Basi wakaendelea kuwachambua wale walioko njiani. Redio alisema baiskeli moja ya siku hizi ni bei ya ng'ombe sita wa maziwa. Kaburi akabisha kwamba ni tisa, na haitoi hata kikombe kimoja. Bi Hermelinda, akipangusa meza, alisema amesikia wanapima wali kwenye mizani kabla ya kula, na njiani wanakamua uji mtamu kutoka kwenye tyubu, kama dawa ya meno. Custodio akawakumbusha, kwa mara ya elfu labda, kwamba yeye alipanda na chuma cha kilo kumi na tano, kiazi cha kuchemsha mfuko mmoja, kipande cha jemu ngumu ya mapera mfuko wa pili, na pancha ikitokea unashona mpira mwenyewe huku unatukana.

"Sasa wana kijimashine kinawaambia kama wamechoka," alisema. "Mtu mzima anauliza mashine kama amechoka."

Ving'ora vya pikipiki ya polisi vikasikika kwenye kona ya chini, wote wakatoka mlangoni na vikombe mkononi.

Wa kwanza alitokea peke yake kwenye ukungu, kichwa kimeinama, mdomo wazi. Alivuka mstari uliotandikwa barabarani mbele ya duka, akabonyeza kitu kwenye usukani, akaacha kukanyaga. Miguu ilikuwa imenasa kwenye pedeli. Akaegemea upande polepole, akaanguka na baiskeli yake yote chini ya jiwe.

"Usiniharibie kazi," Kaburi alimwambia.

Walimjua. Ni Daktari Iregui, mng'oa meno wa Bogotá, mwaka wa sita huu anakuja. Walimnyanyua kwapani, wakamketisha kwenye benchi ndani ya duka. Nyuma yake wengine walianza kupita, wawili, kisha watano, kisha kundi zima likihema, wakateremka upande wa pili kwenda kwenye milima iliyobaki.

"Daktari, wenzako hao wanakuacha," Redio alisema. "Bado milima miwili."

"Siitaki. Nilitaka huu tu."

Redio alitega sikio kifuani. Muda wa daktari ulikuwa unasomwa: dakika arobaini na tatu, sekunde arobaini na nne, wa haraka kuliko wote wa leo. Hapo ndipo walipomla mzima mzima. Redio alisema amekosa kidogo tu, dakika tisa na ushee, na kwa dakika hizo Rekodi angeshakunywa vikombe viwili na kukata nywele. Kaburi akamshauri mwakani aje na basi. Hata Bi Hermelinda, ambaye kwa kawaida huwaonea huruma, alimuuliza kama wanakubali kuibadilisha ile baiskeli na ng'ombe. Custodio alirudi kwenye kiti chake. Alikaa chini ya jina lake na kutabasamu, na moyoni alihisi patasi ya Kaburi ikianza kugonga herufi ya kwanza.

Daktari hakukasirika. Alikuwa hana nguvu ya kukasirika.

"Mzee Custodio," alisema, "sijala mkate tangu mwaka 2018. Nina mwalimu ananilaza saa mbili usiku kama mtoto. Mke wangu aliacha kuja kunitazama mwaka wa tatu, alisema anaona haya. Nimepungua kilo kumi na moja, na mwaka jana nikapata dakika arobaini na tano. Niambie tu ulifanyaje."

"Viazi," alisema Custodio.

"Wale wa kulipwa walipita hapa mwaka jana. Aliyetangulia alitumia thelathini na tisa."

"Laini nao."

"Nani alishika saa siku yako?"

Custodio alikuwa ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba ilitoka yenyewe. Hakuna aliyeshika saa, alieleza. Iliandikwa, tena mbele ya mashahidi arobaini. Chini darajani padri aliandika muda wa kuondoka, kengele ilipogonga saa nne kamili. Hapa juu marehemu mzee Nepomuceno, baba yake Bi Hermelinda, aliandika muda wa kufika kwa kutazama saa ya dukani, yenye mshale wa sekunde. Saa nne, dakika thelathini na nne, sekunde ishirini. Karatasi zote mbili ziko manispaa.

"Saa ipi?"

"Hiyo hapo, juu ya rafu ya chumvi."

Daktari akaitazama. Akatazama mkono wake. Akaitazama tena.

"Hii saa iko nyuma dakika kumi."

"Ndiyo," walijibu wote kwa pamoja, na Redio akamcheka kama mgeni anavyochekwa. Bila shaka iko nyuma. Mzee Nepomuceno aliirudisha kwa makusudi, ili mteja asikimbilie basi wala misa, akae amalize kikombe na kuagiza cha pili. Kila mwaka mpya Bi Hermelinda huiweka sawa na mlio wa redio, kisha huipunguza dakika kumi kamili kwa heshima ya baba yake. Mtu wa mlimani hahitaji kuambiwa.

"Ukiona saa tano, jua ni saa tano na dakika kumi," Redio alieleza. "Hata mtoto anajua. Sisi tunaongeza kumi tu, haina haja ya..."

Hakumaliza. Kaburi aliweka nyundo yake mezani polepole. Miaka thelathini na sita walikuwa wakiongeza kumi wanapokwenda kukamua ng'ombe, wanapongoja basi, wanapokwenda kuzika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuongeza kumi kwenye ule ukuta.

Custodio aligeuka akaitazama ile namba nyekundu. Alikumbuka kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu: siku ile alipofika juu na kutajiwa dakika thelathini na nne, alishangaa. Miguu yake ilikuwa imemwambia habari nyingine, kwenye kona ya tatu ilikuwa karibu imkatae kabisa. Lakini watu walikuwa wamemwinua mabegani, Etelvina wake, ambaye wakati ule alikuwa bado hajamkubali, alikuwa anapiga makofi, na nani hubishana na namba nzuri.

"Ngojeni kwanza," alisema Redio, na sauti yake ilikuwa imeshuka kwa mara ya kwanza mwaka huo. "Nani amesema wakati ule ilikuwa nyuma? Pengine mzee aliirudisha baadaye. Mwaka wa tisini hivi."

"Tisini na mbili," alisema Kaburi haraka. "Nakumbuka kabisa. Kulikuwa na mvua."

Wote wakamgeukia Bi Hermelinda. Yeye ndiye binti, ndiye ajuaye. Alikuwa amekunja kitambaa cha meza mara nne na bado anakikunja. Hakumtazama daktari. Alimtazama Custodio.

"Mimi naweza kusema mwaka wowote mnaoutaka," alisema. "Baba hayupo wa kunikanusha. Nisemeje, Rekodi?"

Nje lile jiwe lilikuwa linangoja. Daktari aliinamia viatu vyake. Huu haukuwa mlima wake, na hao hawakuwa marehemu wake. Neno moja tu, tisini na mbili, na binti za Custodio wangeshuka kwenye basi wakalisoma jina lao kando ya barabara kuu. Custodio alilitaka neno hilo, alikuwa nalo mdomoni. Kisha akamwona yule mwanamume wa Bogotá alivyokonda, mashavu yameingia ndani, miaka sita akijinyima mkate ili amfukuzie mtu wa dakika thelathini na nne ambaye hakuwahi kupita njia ile.

"Ilikuwa nyuma," alisema.

"Rekodi, usi..."

"Asubuhi ile ile nilikuja hapa kunywa kabla ya kushuka darajani. Nepomuceno akaniambia nisiharakishe, nitazame saa, bado mapema. Nikaongeza kumi, nikaondoka mbio. Ilikuwa nyuma, jamani. Ilikuwa arobaini na nne na sekunde ishirini."

 Mtu anayepima wali wake hachelewi kupiga hesabu, lakini daktari alichelewa. Midomo yake ilihesabu mara mbili.

"Kwa hiyo mimi..."

"Ndiyo. Wewe."

Daktari alifunika uso kwa glavu zake na mabega yakaanza kutikisika. Redio alitazama pembeni. Kiredio kilikuwa bado kinanong'ona chini ya ruana, na Redio, ambaye hajawahi kukaa na habari tumboni kwa dakika nzima, akakizima.

"Na jiwe?" Kaburi aliuliza.

"Chonga la daktari."

"Una hakika, ndugu yangu? Mimi nikishachonga sifuti."

"Chonga, Leovigildo."

Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina lake. Kaburi aliichukua nyundo akatoka, na punde wakasikia patasi. Custodio aliusikiliza ule mlio. Uliuma kama alivyojua utauma.

"Mzee, nisamehe," daktari alisema kwa sauti ya puani.

"Umenishinda kwa kiasi gani?"

"Sekunde thelathini na sita."

"Redio, tangu 1988 ni miaka mingapi?"

Redio akahesabu kwa vidole chini ya ruana. "Thelathini na sita."

Custodio aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akaitazama ile baiskeli iliyolazwa kwenye nyasi, nyepesi hata upepo ulikuwa unaisogeza. Aliporudi, uso wake ulikuwa umerudia hali yake ya kila siku.

"Baiskeli ya ng'ombe sita," alisema. "Mwalimu wa kulipwa. Wali wa kupimwa. Miguu ya kunyolewa. Mashine ya kukuambia kama umechoka. Na mbele yako kulikuwa na mkulima mwenye kiazi mfukoni. Miaka thelathini na sita mmekazana, daktari, mji mzima, na mmepata sekunde moja kwa mwaka."

Redio alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Bi Hermelinda alikuwa ameshageuka anashika tumbo.

Custodio alivuta sahani ya mikate ya jibini, akaisukuma mpaka ikagusa kifua cha daktari.

"Kula. Binti zangu wanakuja mchana kumwona mwenye rekodi. Sitaki waseme baba yao ameshindwa na maiti."