Malalamiko Kuhusu Somo Lililochafua Kisima Chetu

Ndunda Muthoka,
Kalama,
Machakos.

Kwa Mkuu wa Chuo,

Mheshimiwa,

KUH: MADHARA YA KEMIA YA MAZINGIRA KWA KISIMA KISICHO NA HATIA

Pokea salamu kutoka Kalama, ambako mahindi hayakufua dafu mwaka huu lakini watu hawajambo. Mimi ni baba mzazi wa Mwelu, mwanafunzi wenu wa mwaka wa pili. Tena ni mwenyekiti wa kamati ya kisima cha kijiji. Vyeo hivi viwili vilikaa ndani yangu kwa amani mpaka mlipoanza kumfundisha binti yangu kemia ya mazingira. Nina uchungu, ila nitajitahidi kuandika kwa adabu.

1. Kisima chetu kilikuwa safi tangu kilipochimbwa. Likizo iliyopita Mwelu alikuja na vichupa, akateka maji, akarudi nayo chuoni. Baadaye akatuletea habari kwamba maji yana naitreti kupita kiasi, na kwamba hicho ni kitu kinachotoka kwenye samadi na mbolea, hakina rangi, hakinuki wala hakina ladha. Mheshimiwa, kitu kisichoonekana, kisichonuka na kisicho na ladha, sisi huku hukiita hakuna. Marehemu mama yangu aliyanywa maji haya hadi akaota mvi, na neno hilo hakuwahi kulisikia. Ni wazi kwamba naitreti imeletwa na somo lenu.

2. Kwa kuwa mimi ni mtu wa maelewano, nilimwambia basi tutayachemsha. Tumehimizwa kuchemsha maji na zahanati, na redio, na hata padre. Mwelu akasema kuchemsha huua vijidudu tu, lakini maji yakipungua kwenye sufuria naitreti hubaki palepale na kuzidi makali. Yaani kuni za mama yake zimekuwa zikipika sumu. Sasa niambie, msomi anayemnyang'anya mzazi wake hata moto, amemwachia nini?

3. Unajua mwethya, ile siku ya kusaidiana kazi shambani. Tulikuwa kwa Musembi tukitengeneza matuta. Mke wa Musembi akapitisha maji, na huku kwetu mtu hakatai maji ya mwenye shamba analolilima. Mwelu alipokea kikombe, akashukuru kwa heshima zote, akakiweka chini, kisha akanywa maji ya chupa yake. Tangu siku hiyo Musembi akiniona kanisani hutazama dari. Na wanawake, ambao zamani wangemsema msichana huyo mpaka jua litue, sasa wanamfuata kumuuliza maswali.

4. Halafu kuna suala la ng'ombe wangu. Mwelu anasema zizi liko upande wa juu wa kisima, na kwamba yale matuta tuliyochimba kwa jasho, yaliyotuletea sifa kwa wageni wa kilimo, huzuia maji ya mvua yasikimbie, yakazama ardhini pamoja na samadi mpaka kisimani. Anataka zizi lihamie bondeni, nyuma ya jikoni. Mheshimiwa, baba yangu alilijenga kwenye mwinuko makusudi, ili apitaye barabarani ajue kuna ng'ombe hapa kabla hajajua jina letu. Likifichwa huko, watakaokuja kumposa huyo huyo Mwelu watajuaje kwamba hatuna njaa ya ng'ombe wao? Nilipendekeza kisima kihame. Kamati ikaniomba nitafakari tena.

5. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Nzilani, mke wa mwanangu, ana mtoto mchanga. Maziwa yake hayatoshi, kwa hiyo mtoto hupewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Mwelu alinijia nikiwa nimeketi na wageni, akaniambia mbele yao: "Tata, maji ya hii kisima msipatie mtoto. Damu yake itashindwa kubeba hewa, ageuke rangi." Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Niliona haya, na nikakasirika kweli kweli.

Nikaitisha mkutano. Swali likawekwa wazi: je, maji yetu ni safi? Mikono ikainuka yote. Nzilani hakuinua wake, lakini alikuwa amembeba mtoto, kwa hiyo tukamhesabu upande wetu. Nilimpigia simu mwalimu wa Mwelu, Bwana Rodgers, kumjulisha matokeo. Akanijibu kwamba naitreti haipigiwi kura. Je, haya ndiyo majibu mnayowapa viongozi waliochaguliwa?

Kwa hayo yote naomba mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wako. Mwelu afundishwe mazingira ya nchi ya mbali, isiyo na jamaa zetu. Naitreti ya Kalama ipunguzwe huko huko chuoni, kwa kuwa nasikia walimu wenu huwaongezea alama wanafunzi wanaokaribia kuanguka, na anayeweza kuongeza hashindwi kupunguza. Hatimaye chuo kitoe cheti kwamba kisima ni safi, nikitundike penye kamba ya ndoo.

Wasalimie walimu wote, wapishi, walinzi wa lango, na hao wanaoosha vichupa. Bwana Rodgers pia msalimie, ingawa si kwa furaha sana.

Ni mimi, mlezi wa maji yaliyopitishwa bila kupingwa,

Ndunda Muthoka,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Nzilani amepita mlangoni na ndoo. Nikamuuliza maji ni ya nini, akasema ni ya mtoto. Nimeinuka nikayamwaga yote uani. Naogopa, Mheshimiwa. Nimeshamtandika punda niende Kola kwa shemeji yangu mwenye tangi la maji ya mvua, na nitapita njia ya mkongeni ili kamati isinione. Kwa hiyo yale maombi ya juu yaache. Badala yake niandikie barua kali ya kuniamuru nihamishe zizi wiki hii, yenye muhuri mkubwa, nipate kuwaambia watu nimelazimishwa na serikali. Mpe Mwelu aiandike, kwa sababu ndiye anayejua zizi likae wapi. Ila sahihi iwe ya mtu mwingine.