Kijiko cha Dawa ya Kikohozi

Jumatatu, 3 Machi
Baba karudi kutoka zahanati. Presha 158 kwa 96. Muuguzi kamwambia isiposhuka kufikia Jumamosi hasaini fomu ya leseni, na dereva wa lori bila leseni ni abiria tu. Baba kaikunja karatasi, kaomba chai. Nimesoma kitabu kizima cha maktaba kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ukurasa wa 41: chumvi. Nilikwenda kumwambia. Nilipofika mlangoni nikauliza kama ameona kifutio changu.

Jumanne, 4 Machi
Mpango. Mama hutia chumvi vijiko viwili kwa sufuria, na haonji. Kijiko chake nimekificha nyuma ya kamusi, nikaweka kile cha dawa ya kikohozi. Hakuna aliyeshtuka. Nusu ya chumvi imetoweka!

Jumatano, 5 Machi
Bibi alikula maharage kimya. Baba aliyasifu mno. Dada, ambaye huniita Profesa, aliuliza kwa nini naichekea sahani.

Alhamisi, 6 Machi
Maharage yamekuwa machungu kwa chumvi. Baba kanywa maji bilauri tatu. Sielewi.

Ijumaa, 7 Machi
Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni na daftari. Akaingia Bibi, akatazama nyuma, akatia chumvi, akatoka. Akaja Dada. Kisha Baba, kilo tisini, akinyata. Mwisho Mama mwenyewe, akinung'unika kwamba watu wakisifu hivyo, basi chakula hakina ladha. Kila mmoja anaogopa kumuudhi mwenzake. Nusura nitoke niseme. Nikajumlisha: mara mbili ya Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimsindikiza Baba. 171 kwa 102. Fomu haikusainiwa. Dawa zimeongezwa, arudi baada ya wiki mbili. Muuguzi aliuliza nani anaangalia chumvi nyumbani. Baba akasema hakuna. Muuguzi akanigeukia mimi: "Basi kaeni mezani mzungumze, mwanangu. Dakika tano tu." Nimenakili neno kwa neno. Ushauri mzuri, kwa familia zinazozungumza.

Jumapili, 9 Machi
Lori limeondoka na dereva mwingine. Baba kashinda kibarazani akitazama barabara. Alasiri kaniita, kaniuliza kama nina la kumwambia, maana tangu Jumatatu nazungukazunguka. Nikamwambia kifutio kimepatikana.

Kosa langu nimelijua. Kijiko kilikuwa kidogo mno. Kesho naweka cha ukubwa wa kati.