Kioo cha Upande wa Usukani

Jumanne, 9 Agosti 1983
Sabuni hakuna Karatu nzima. Wenzangu wanalalamika, mimi nafikiri. Magadi yanalainisha hata maharage sugu ya kule Daa, yatashindwaje na tope la Land Rover? Nikakoroga viganja viwili kwenye debe la maji, nikaosha gari, nikaliacha juani likauke. Tope limetoka, sikatai. Lakini vioo vyote viwili vya mbele vimeota madoa meupe. Mzee Clemensi, meneja wa nyumba yetu ya wageni, aliniuliza kama nimevipiga chokaa.

Jumamosi wageni wanashuka kreta kumpiga picha faru. Gari moja, madereva wawili. Mzee ameamua: mimi nisafishe kioo cha upande wa usukani, Sebastiani cha upande wa abiria. Atakayeng'arisha zaidi atawapeleka wageni. Mwingine anahamia trekta la shamba, moja kwa moja. Miaka sita nimevaa kofia ya dereva wa wageni. Trekta sipandi.

Jumatano, 10 Agosti
Petronila mpishi ameleta ushauri ambao hakuombwa. Eti dawa ya magadi ni uchachu: siki kidogo kwenye maji, kitambaa laini, subiri kidogo, suuza kwa maji ya mvua ya kwenye tangi, kausha. Eti nisisugue kwa kitu kinachokwaruza. Nikamwambia, dada, siki ni ya kachumbari. Huyu na Sebastiani ni baba mmoja mama mmoja. Mtego nauona. Nimeshinda nikisugua kwa majivu. Madoa yapo palepale.

Alhamisi, 11 Agosti
Sebastiani kamaliza kioo chake. Kwa siki. Robo saa. Akanipa chupa iliyobaki, akasema kaka Xavery, chukua, muda bado upo. Unafiki mtupu. Nimeificha nyuma ya tairi la spea asije akaitumia tena.

Nikachota mchanga korongoni, nikauchekecha kwa chekeche la Petronila, nikasugua kwa saa tatu nzima. Madoa yametoka! Mikwaruzo imeingia. Petronila akasema mkataa pema, pabaya panamwita. Nikamrudishia chekeche lake.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimelia kidogo, nyuma ya gari. Daftari ni langu, naandika ukweli.

Halafu mchana, nimetoka kula nyama, kidole kikagusa kioo. Pale kilipogusa mkwaruzo haukuonekana. Nikapaka mafuta ya ng'ombe kioo kizima. Mzee Clemensi alikuja saa kumi, akainama, akasema cha Xavery kinang'aa zaidi. Sebastiani alinipongeza kwa mkono, kisha akaunusa mkono wake. Wivu.

Jumamosi, 13 Agosti
Hadi geti la hifadhi mambo safi. Baada ya hapo vumbi likakutana na mafuta. Wipa ikalisambaza vizuri, kila pembe. Tulipoanza kuteremka, mbele yangu palikuwa na ukuta. Nikawa naendesha nimeegemea kushoto, nachungulia kwenye kioo cha Sebastiani, kichwa karibu na mapaja ya mama wa Kizungu. Akanipa mto wake, alidhani nina usingizi.

Bondeni nikaingia kwenye tope hadi ekseli. Faru akapita hatua ishirini mbele yetu. Wageni wamemwona vizuri sana, upande wa abiria. Mimi nimesimuliwa.

Jumatatu, 15 Agosti
Mzee Clemensi hakunifokea, na hicho ndicho kilichoniuma. Alinyoosha mkono tu, nikampa kofia. Sasa anayo Sebastiani, inamzidi kichwa.

Petronila ameniletea maharage, laini kabisa. Nikamuuliza umeyafanyaje. Akasema magadi. Hapo moyo ukatulia. Kumbe sikukosea, ni kioo tu kilichokuwa na kasoro.

Na trekta, Mungu mkubwa, halina kioo hata kimoja! Lina uchafu tu, na mashine yake inakohoa. Magadi yamebaki nusu debe. Kesho asubuhi naanza na tangi la dizeli, kwa ndani.