Gari Jekundu la Kimamba

Siku ile gari jekundu lisilo na paa lilipozimika katikati ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo nzima ililiangalia gari, isipokuwa Nassibu. Yeye aliwaangalia watu waliokuwa wakiliangalia.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa cheo alikuwa dalali. Ukitaka chumba, cherehani kuukuu au baiskeli ya karani aliyehamishwa, ulimtafuta Nassibu, naye alikutafutia, na udalali wake aliutafuta mwenyewe ndani ya mfuko wako. Alikuwa na suti nyeupe, viatu vya rangi mbili na ulimi usiojua siku ya mapumziko. Watu waliomjua hawakumwamini hata kidogo. Bahati yake ni kwamba mji ulikuwa unakua, na kila treni ilileta wasiomjua.

Vijana wa mikokoteni walilisukuma gari, likakohoa, likanguruma, na kijana wa Kizungu aliyekuwa ndani akaondoka bila kusema ahsante. Vumbi lilipotulia, watu walirudi kwenye shughuli zao. Mmoja tu alibaki amesimama kwenye ngazi ya duka lake la khanga, kipimo cha yadi mkononi, mteja akimngoja ndani. Huyo alikuwa Vallabhdas.

"Zuri, eh?" Nassibu alisema, akiwa amekwisha kusogea ubavuni mwake.

"Kitu gani?"

"Hicho unachokiangalia na hakipo tena."

Vallabhdas akashusha pumzi. Mwanawe Chandu alikuwa anaoa, na wakwe walikuwa watu wa Uhindini, wenye nyumba ya ghorofa. Katika harusi zao bwana harusi huenda kwa msafara na ngoma, na wakwe hujipanga mlangoni kutazama amekuja na nini. Mama wa bibi harusi alikuwa amekwisha kutamka mbele za watu kwamba wa Kariakoo watakuja na chochote walicho nacho. Tangu siku hiyo Ranjanben, mkewe Vallabhdas, alikuwa hali akashiba.

"Hata mkokoteni, alisema," Vallabhdas akanong'ona. "Mkokoteni, Bwana Nassibu! Mbele za watu!"

Nassibu alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

Gari akalipata siku ile ile, kichwani. Lililokosekana ni mahali pa kuliweka, na hapo ndipo alipohangaika kweli. Alitaka mji usiokuwa na ndugu yake Vallabhdas. Tanga kulikuwa na shemeji, Tabora binamu, Lindi mjomba, na Kigoma, mwisho wa reli, kulikuwa na mtu aliyenyonya titi moja na mjomba wa Lindi. Mwishowe akaliegesha nyuma ya stesheni ya Kimamba, ndani ndani, kwenye shamba moja la mkonge. Mwaka ule bei ya mkonge ilikuwa imeporomoka, na magazeti yalikuwa yakilia kila siku. Nassibu akamuumba Mgiriki kijana aliyefilisika, anayeuza gari lake la mbio kimya kimya kwa kuwaonea haya Wagiriki wenzake.

Picha ya gari ilitoka kwenye gazeti la Ulaya lililofungiwa bagia. Aliikata vizuri, akaibandika kwenye kadi, na doa la mafuta akaamua litakuwa la injini. Ufunguo nao aliutoa nyumbani alikopanga, maana mwenye haraka huchukua kilicho karibu. Ulikuwa mdogo, bapa, wa shaba. Akautia kamba ya ngozi, ukapata heshima.

"Lakini kwanza nilione," Vallabhdas alisema alipoonyeshwa vyote viwili.

"Ukienda kule Wagiriki watajua, na bei itapanda. Halafu nikuulize, Bwana Vallabhdas. Hizi khanga zako huwa unakwenda kuzitazama Uholanzi kabla ya kuzinunua?"

Vallabhdas akairudia ile picha. Alikuwa ameguswa panapouma. Kariakoo ile, mali iliyo njiani ilikuwa mali kabisa. Marobota yaliuzwa meli ikiwa bado haijaonekana, yakanunuliwa na jirani, yakauzwa tena kwa jirani wa jirani, na siku yaliposhushwa bandarini yalikuwa yamekwisha kutajirisha watu ambao hawakuyatia machoni. Mtu aliyetaka kuona kwanza alihesabiwa mshamba. Nani atakubali kuitwa mshamba kwenye ngazi ya duka lake mwenyewe?

Akalipa. Ufunguo ukapelekwa kwa Ranjanben, akauweka mbele ya miungu ya nyumbani na kuupaka unga mwekundu wa baraka. Usiku huo mama wa watu alikula akamaliza.

Nassibu alikusudia kupotelea Tanga wiki ile ile. Kilichomzuia ni Sitara. Sitara alikuwa mjane, mwenye nyumba ya Mtaa wa Sikukuu ambamo Nassibu alipanga chumba cha uani, na tangu mfungo sita Nassibu alikuwa amepeleka posa. Sitara hakukataa wala hakukubali. Alisema atafikiri, akaendelea kuchambua mchele. Sasa mtu anayengoja jibu la posa atasafiri vipi? Na huyu alikuwa anapenda kweli, msimcheke. Alipomwona Sitara anacheka, hesabu zote zilimtoka.

Basi akabaki, akijificha kidogo, mpaka Vallabhdas alipomwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara. Nassibu aliona mlango wa jela ukifunguka.

"Gari nimeliuza," Vallabhdas alisema kwa uchangamfu. "Pandit, kuhani wetu, amesema farasi ana heshima zaidi. Amelichukua Kasmir, wa viazi. Shika udalali wako."

Desturi ya soko ndiyo ilivyokuwa. Dalali aliyeleta mali sokoni hupata chake kila inapobadilisha mikono ikiwa njiani. Nassibu alipokea zile noti akazihesabu mara mbili. Pesa za ujanja alikuwa amezizoea. Hizi za halali zilimtia wasiwasi.

Kasmir alikuwa Mchagga mnene, mwuza viazi na vitunguu kwa jumla, na Krismasi ilikuwa inakaribia. Kila Mchagga wa mjini hupanda kwao Kilimanjaro Krismasi, na huko mgombani watu hawaulizi umekujaje, wanachungulia wenyewe.

"Mangi!" Nassibu alimwita, maana jina la kichifu halikumgharimu kitu. "Hongera kwa gari! Ila lina viti viwili tu, na wewe una watoto sita na mama yao."

"Wao watapanda basi," Kasmir alisema. "Basi litakuja nyuma yangu taratibu, wanione. Litafika lini?"

"Liko njiani."

Na njiani likakaa. Mara mvua imekata reli, mara behewa limepelekwa Mwanza kwa makosa, mara Mgiriki ana homa na ndiye anayetakiwa kutia sahihi. Kila jioni Kasmir aliuliza, na kila jioni Nassibu alijibu kwamba liko njiani, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzungumza nalo. Suti nyeupe peke yake ndiyo iliyoanza kumwaibisha. Tangu auze lile gari hakuonekana na vazi jingine, na suti ilikuwa imefika rangi ya chai ya maziwa. Watu walidhani ni ubahili.

Alasiri moja alirudi nyumbani akamkuta Sitara barazani na ungo wake wa mchele. Shingoni alikuwa amevaa kamba ya ngozi, na kwenye kamba ulining'inia ufunguo wa shaba wenye unga mwekundu.

"Nimenunua gari," Sitara alisema.

Nassibu alikaa chini. Hakukuwa na kiti.

"Kwa Kasmir? Bi Sitara, kwa nini?"

"Si umeniposa? Nikasema siku ya harusi tuzunguke nalo Kariakoo, wewe na mimi, viti viwili. Nyumba nimeiweka rehani." Alipuliza pumba. "Alhamisi napanda treni kwenda Kimamba, nikalichukue mwenyewe. Wanaume mnachelewesha mambo."

Nassibu alikuwa amewahadaa wengi na kulala fofofo. Siku hiyo moyo ulimuuma hasa. Akisema kweli, anampoteza Sitara. Akinyamaza, Sitara atakwenda kuulizia gari katikati ya mkonge, na akirudi hana nyumba, na atajua ni nani aliyemponza. Aliliangalia tatizo lile kila upande akatafuta mjinga wa kumtupia, akagundua kwamba mjinga aliyebaki ni mmoja tu.

"Niuzie mimi," akasema.

"Wewe dalali. Tangu lini unanunua?"

"Nimelipenda."

"Limepanda bei."

"Limepandaje tangu jana?"

"Kila mtu analitaka. Hata wewe unalitaka," Sitara alisema.

Nassibu alijua kupatana bei na watu wa kila kabila, lakini hakuwahi kupatana huku akiogopa kushinda. Kila alipotaja bei, Sitara alisema pengine ni heri aende tu Kimamba, na Nassibu akaongeza haraka. Alitoa pesa za Vallabhdas. Alitoa udalali wote. Akaingia chumbani, akarudi na kile kibindo alichokuwa akikiweka kwa ajili ya mahari, akakimwaga chote juu ya mkeka. Sitara akatazama chini.

"Na viatu."

"Viatu?"

"Basi, nitakwenda Alhamisi."

Akavua viatu. Sitara naye akavua ile kamba shingoni, akamvisha kwa mikono miwili kama anamvisha shada. Nassibu alisimama peku katika suti yake ya rangi ya chai, fukara kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiona mtu mwema. Machozi yalimlengalenga. Hali hiyo ilidumu kadiri ya mtu kufungua mlango, maana mlango wa ndani ulifunguliwa na wakatoka Vallabhdas na Kasmir.

"Salama, Bwana Nassibu?" alisema Vallabhdas.

Kasmir hakusalimia. Aliinama akaanza kujaribu viatu.

Nassibu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaishia kwa Sitara. "Hukuweka nyumba rehani," akasema polepole.

"Nyumba aliyoniachia marehemu? Kwa ajili ya hewa?"

"Diwali alikuja ndugu yake Ranjanben," Vallabhdas alieleza. "Ana duka la sukari na mafuta ya taa. Liko wapi? Nyuma ya Kimamba, ndani ndani, kwenye shamba lile lile. Huyo Mgiriki shemeji anamjua. Ni mzee wa miaka sabini, anatembelea punda."

"Mbona hukunishitaki?"

"Nikushitaki, halafu Kariakoo yote ijue nimeuziwa hewa? Nilikuwa na mali mbovu. Nikaiuza."

"Hilo mimi na wewe tutazungumza," Kasmir alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nilishtukia mwenyewe. Nikaona nimuuzie Bi Sitara, maana ana nyumba na hana mume wa kumshauri."

"Ndivyo alivyodhani," Sitara alisema. "Akanitolea ufunguo kwa madaha yote. Nikauangalia. Nikamwambia, Kasmir, hili gari nalijua, liko uani kwangu, lina milango miwili na kioo kimevunjika. Ni kabati la chumba cha Nassibu, na huu ndio ufunguo wake. Tukamwita na Bwana Vallabhdas, tukakungoja." Akamgeukia dalali. "Wewe si uliniambia ufunguo umedondokea chooni? Ukafunga kabati nguo zote zikiwa ndani, ukaondoka na ufunguo ukauuze! Tangu hapo nafua suti moja."

Nassibu alifungua mdomo. Ule ulimi usiojua mapumziko ulikuwa umepumzika.

Pesa ziligawanywa pale pale juu ya mkeka, kwa heshima, kama watu wanaogawana nyama ya sherehe. Vallabhdas, kwa kuwa bei yake alikwisha kuipata kwa Kasmir, alirudishiwa udalali tu na nauli ya shemeji yake juu. Kasmir alirudishiwa yake, na viatu vilimbana lakini alikataa kuvivua. Furushi lililobaki Sitara alilifunga kwenye ncha ya khanga.

"Na hizo?" Nassibu akauliza.

"Udalali," Sitara alisema. "Mali imebadilisha mikono mpaka imemfikia mwenyewe. Au desturi imekwisha?"

Wafanyabiashara wale wawili walikubali kwa kichwa kwamba desturi haijaisha. Wakaaga, wakatoka, na huko barabarani ilisikika wakianza kugombana juu ya viazi na mali mbovu.

Nassibu alivuka ua akiwa peku, akaingia chumbani kwake. Alisimama mbele ya kabati, akautia ule ufunguo kwenye kufuli. Uliingia bila taabu, ukazunguka, kufuli likafunguka. Hakuna aliyewahi kulipa ghali hivyo kufungua kabati. Kanzu yake ya harusi ilikuwa bado inaning'inia mahali pake, mende wameila kola tu.

Aliishika, akaikung'uta. Kisha akachungulia dirishani. Sitara alikuwa ameurudia ungo wake wa mchele, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

"Bi Sitara!" Nassibu akaita. "Na lile jibu langu?"

Sitara alichagua jiwe moja, akalitupa uani.

"Liko njiani," akasema.